Jinsi ya Kumiliki Jahazi Kuukuu Bila Kulowa Miguu

Mtu wa Korogwe hana shida yoyote inayotatuliwa kwa jahazi. Bahari iko Tanga, kilomita mia hivi kwa barabara. Wa Handeni yuko mbali zaidi, maana lazima kwanza atokeze Korogwe au Mkata ndipo aikamate barabara kuu. Na hiyo ndiyo raha yenyewe. Mtu wa Pangani akinunua jahazi, majirani humuuliza kama samaki wamepanda bei. Mtu wa Chanika ya Handeni akinunua jahazi ataitwa Nahodha mpaka msibani. Heshima hii haihitaji kujua kuogelea. Inahitaji mtaji, uso mkavu na fundi mzee mwenye subira. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Nunua kwanza, kagua baadaye

Majahazi ya kuuzwa hayana duka. Teremka Tanga au Pangani, keti penye kivuli karibu na vyombo, useme kwa sauti kwamba unatafuta. Chai haijapoa utakuwa umepata mashemeji watatu ambao hukuwahi kuwa nao, na kila mmoja ana chombo cha marehemu baba yake.

Utapelekwa wakati maji yamekupwa. Jahazi limelala ubavu mchangani, limepakwa buluu jana jioni. Mtu mwoga angetoa kisu kidogo, akazichoma mbao za chini zinazopakana na mkuku, kisha pale misumari ilipopita, kwa sababu chuma kikishika kutu huozesha mti unaokizunguka, na ubao uliopakwa rangi hausemi. Wewe usiwe mwoga. Funga mikono nyuma, zunguka mara moja, gonga ubao kwa vifundo vya vidole, halafu useme taratibu: "Miti ya zamani hii." Muuzaji atajibu: "Mzee, wewe unajua." Hapo bei imepanda, lakini na wewe umepanda.

Ndani utaona ndoo ambayo mpini wake umeng'aa kwa kushikwa. Usiulize kazi yake.

2. Jifunze maneno kabla ya kazi

Maneno machache yatakufikisha mbali kuliko tezo. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Hutauona tena, kwa hiyo usikunyime usingizi. Mataruma ni mbavu. Mlingoti umesimama, foramali imening'inizwa juu yake kwa mshazari, na tanga limefungwa kwenye foramali. Joshi ni pembe ya mbele ya tanga, demani ni kamba ya pembe ya nyuma. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Ngama ni maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, nalo ni neno la kutotamkwa mbele ya wageni.

Yatumie maneno haya stendi ya Korogwe, dukani Manundu, na kwenye vikao vya harusi, mbali na mtu yeyote anayenuka samaki. Sema: "Foramali imenisumbua sana wiki hii." Watu watakuonea huruma yenye wivu ndani yake. Mtu akiuliza swali la pili, pokea simu.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wewe tembea tezi na omo tu. Ngamani mpeleke kijana.

3. Mpate fundi, kisha umpuuze

Fundi wa kweli hana cheti wala ramani. Ana tezo, msumeno, patasi, na keekee ya kuzungushwa kwa upinde. Hupima kwa jicho na kwa shubiri, na vyombo vyake viko baharini vinaelea. Mwendee asubuhi na mchoro ulioutoa kwenye simu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na pamba?"

"Nimekuja na mchoro."

"Mchoro hauzibi maji."

Usikate tamaa. Huyu mzee ana ugonjwa mmoja, anataka pamba. Anataka kukalafati, yaani kusokota pamba, kuilowesha mafuta, kisha kuishindilia kwa patasi na nyundo katika kila mwanya kati ya ubao na ubao, kuanzia omo hadi tezi, pande zote mbili. Ni kazi ya siku kadhaa. Haionekani ikishapakwa rangi, na haijawahi kumpendeza mtu yeyote kwenye picha. Kwa hiyo iandike mwisho wa orodha, na kila akiitaja mwambie, "Tutaifikia, fundi."

Mlipe kidogo kidogo. Ukimlipa zote atamaliza, na jahazi lililokwisha huanza kudaiwa safari.

4. Tamba na mbao

Hapa ndipo mtu wa bara anapompiku wa pwani. Handeni ni nchi ya miti: mninga, mkongo, mvule pale ulipobaki. Ukimtajia fundi mkongo, macho yake yatalainika na kwa dakika nzima atasahau pamba.

Ila mti wa asili hauangushwi kwa sababu tu umeupenda. Kuvuna na kusafirisha mbao kunataka vibali vya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na kizuizi cha barabarani kitataka kuviona. Mtu mwepesi wa hasira huona usumbufu. Wewe ona neema. "Nasubiri kibali" ni sentensi ya heshima, haina mwisho, na inamfanya kila anayekusikia adhani kwamba lori zima la mkongo linakusubiri msituni.

Kwa mataruma, msumeno wa umeme hautakufaa. Taruma zuri hutoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo na usivunjike. Ndiyo maana fundi atatembea shambani kwako ameinua uso juu, akipita miti iliyonyooka bila salamu, mpaka asimame chini ya mwembe mmoja kombo ambao ulitaka kuukata mkaa. Huo ndio. Mwenye haraka huunga vipande viwili vilivyonyooka kwa msumari, akafunika kiungo kwa rangi. Naipendekeza njia hiyo kwa jahazi lisilokusudiwa kukutana na wimbi.

Ukitaka kuringa zaidi, taja msaji wa Longuza, kule Muheza. Shamba lipo kweli, msaji upo kweli, na hakuna mtu wa Kabuku atakayefunga safari kwenda kuhakikisha kama ubao wako ulitoka huko.

Na ukikosa mbao kabisa, usiwasikilize vijana watakaokuonyesha Flipflopi. Ni kweli kwamba Lamu, chini ya fundi Ali Skanda, liliundwa jahazi la mita 9 hivi kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndala kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Lakini lilimeza tani kumi za plastiki, na wale walikuwa mafundi wenye nia ya kufika.

5. Tumia bamvua kama kinga

Sasa nakupa siri kubwa kuliko zote za ukarabati. Mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa mno na kupwa mno. Hilo ni bamvua. Katikati yake maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Jahazi zito hupandishwa ufukweni wakati wa bamvua, kwa kuwa ndipo maji yanapolifikisha juu. Na kwa sababu hiyo hiyo, kulishusha kunangoja bamvua jingine, wiki mbili mbele.

Umeona utamu wake? Umechelewa siku moja, umechelewa wiki mbili, na aliyekuchelewesha ni mwezi. Mkeo akiuliza kwa nini fedha ya ada ya shule imekwenda Pangani na jahazi halijarudi majini, mtazame kwa upole na useme: "Tulikosa bamvua, mama Asha." Hakuna mahakama ya ndoa kutoka Mombo hadi Mkata inayoweza kuhoji mwezi. Ila uwe mwangalifu usioe binti wa mvuvi.

6. Sifia katani, funga manila

Mtu wa Korogwe akizungumzia kamba, wengine wanyamaze. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche ilitoka Florida, mingi ikafa njiani, na ile 62 iliyosalimika ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka hapo mashamba yakapanda bonde kwa bonde mpaka Hale, Magunga na Ngombezi. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na katani ikapata njia ya kushuka bandarini. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa zao hilo, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Simulia haya yote huku umeshika kipande cha kamba ya katani, ukikipapasa. Wageni watahisi jahazi lako limefungwa kwa historia. Kisha, wakishaondoka, funga kamba za manila za dukani. Katani hunywa maji na kuoza upesi ikikaa majimaji, ndiyo maana mabaharia wa zamani walipenda zaidi kamba za makumbi ya nazi. Bakiza mzingo mmoja wa katani pale omo, mahali panapoonekana, usibebe kitu chochote.

7. Tweka kitu chochote kinachopepea

Tanga la haki hushonwa kwa maradufu, kitambaa kizito cha pamba, kipande kwa kipande, na mshonaji anayejua kulitia tumbo ili lishike upepo. Bei yake itakufanya uketi chini. Njia ya mkato iko barabarani: turubai kuukuu la lori. Korogwe malori hayakauki, na kila dereva ana turubai ambalo angependa kupata sababu ya kulibadilisha.

Wapo wanaoshona viroba. Ukichagua vya saruji ya Tanga vilivyochapwa Simba, sema ni nembo ya ukoo wenu. Ubaya wake ni mmoja tu: hutapata baharia mpenzi wa Yanga.

Kuhusu mlingoti, najua unachokiwaza, maana kila mtu wa bara hukiwaza. Nguzo ya umeme imenyooka, imetiwa dawa, na ipo kila mtaa. Iache. TANESCO wanazihesabu nguzo zao, na jirani uliyemzimia taa ana kumbukumbu kuliko TANESCO.

8. Paka juu, sahau chini

Jahazi lina sehemu mbili. Ya juu ya maji ni ya wageni, ya chini ya maji ni ya wadudu. Wekeza kwa wageni.

Juu paka rangi tatu: buluu, nyeupe, na nyekundu kidogo kwenye ukingo. Andika jina tezi kwa herufi kubwa. Majina ya unyenyekevu ndiyo yanayovutia: Tawakali, Subira, Nia Njema. Usiliite Fahari ya Handeni. Likizama wilaya nzima itadai fidia.

Mbao zisizopakwa rangi zipakwe sifa, mafuta ya papa. Yanalinda mti vizuri sana na yananuka vibaya sana. Hapa kuna jambo wajanja wachache wanalolijua: tia tone moja la sifa kwenye pindo la koti kabla ya kupanda basi la kurudi. Ukifika Korogwe hutahitaji kusimulia chochote. Abiria wenzako watakuwa wamekwisha kusimulia kwa niaba yako.

Chini ya maji, wazee hufanya hivi kila baada ya miezi michache: hupandisha chombo, hukwangua makome na majani, hupitisha moto wa makuti chini ya mbao ili kuwaua wadudu, halafu hupaka deheni ya chokaa na shahamu. Mdudu wa baharini huingia kwenye mti akiwa mdogo sana, tundu lake halionekani, kisha hunenepa ndani kwa ndani akila ubao. Shahamu unaweza kuipata mnadani Handeni kwa bei ya kirafiki. Lakini nani atakayepiga mbizi kukagua deheni yako? Hoja yako ni nzuri. Mdudu naye anaikubali.

Fundi atauliza tena habari za pamba. Mwonyeshe herufi za jina.

9. Karatasi

Chombo kinatakiwa kusajiliwa, kukaguliwa na kuwa na vifaa vya kujiokolea. Siku hizi msimamizi ni TASAC, shirika lililoanza mwaka 2018. Kabla yake mambo haya yalikuwa SUMATRA. Hapo pana funzo kwa mkarabati mvivu: ukivuta kazi vya kutosha, ofisi yenyewe itabadilika jina, na utakuwa na haki ya kusema unangoja utaratibu mpya.

Mkaguzi akija, usimpeleke ngamani. Mpeleke omo, mweleze habari za Hindorf. Asipokubali kusikia habari za Hindorf, basi ni mkaguzi mzuri, na utapaswa kununua jaketi okozi kweli. Nunua. Ukishazinunua zitoe kwenye nailoni. Jaketi lililofungwa ndani ya nailoni linaokoa nailoni.

10. Tunza kwa simu

Mwajiri kijana wa kukaa na jahazi. Kila Jumapili muagize picha. Kijana mwerevu atapiga picha kumi siku moja, akabadilisha shati kila mara, na kukutumia moja moja kwa wiki kumi. Usimkaripie. Nyote wawili mmeshapata mlichokitaka.

Ikiwa utasisitiza kutunza kweli, mambo yenyewe ni machache na yote ni ya kuchosha. Maji ya chumvi hayaudhuru mti kama maji ya mvua; chumvi huuhifadhi, mvua iliyotuama ndani huuozesha. Kwa hiyo wakati wa masika jahazi linataka paa la makuti na ngama kavu. Kiangazi nako lisiachwe juani mchangani miezi mingi, kwa kuwa mbao hukauka, hunywea, na mianya hufunguka. Likirudishwa majini ghafla litavuja pande zote mpaka mti uvimbe tena. Dawa ni kulimwagia maji ya bahari kila jioni. Hebu fikiria, kumlipa mtu amwagie maji chombo kilichoundwa kukaa majini. Mtu wa Segera akisikia atakupeleka kwa mganga.

11. Safari, ikibidi

Siku itakuja ambapo shemeji yako, aliyechoka kusikia habari za foramali, atasema: "Nahodha, tupeleke basi." Usihamaki. Chagua miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inapokuwa na adabu kuliko wakati wa kusi. Ondoka alfajiri na umande, ule upepo unaotoka nchi kavu. Rudi mchana na upepo wa baharini. Hivyo hutalazimika kugeuza tanga mbele ya watu. Kugeuza ni kuihamisha foramali nzima kupita mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, watu wakivutana na kamba na wakitajiana wazazi.

Lengo lako liwe Maziwe, mbele ya Pangani. Ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Miti yake imekwisha, na sasa ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Kwa nahodha wa aina yako hakuna kisiwa bora: lipa ada, shusha wageni, piga picha, kisha ondoka kabla kisiwa hakijaondoka.

Njiani mtu mmoja akikumba maji kwa ndoo bila kupumzika, waeleze wageni kwamba anaosha chombo.

12. Mfikirie wa nyumbani

Watu wa Korogwe watauliza kwa nini usilipandishe kwa mto, kwani Pangani si unapita hapa hapa? Unapita. Lakini kati yako na bahari kuna maporomoko, kuna mitambo ya umeme ya Hale ya megawati 21 iliyoanza mwaka 1964, na kuna ile ya Maporomoko ya Pangani ya megawati 68 ya mwaka 1995. Jahazi lako halitapita kwenye mitambo hiyo, na mamba wa mtoni hawaheshimu cheo.

Basi lilete kwa lori. Usione haya. Mwaka 1980 msafiri Tim Severin aliunda jahazi huko Sur, Oman, likaitwa Sohar, likashonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kama zilivyoshonwa mitepe ya pwani yetu zamani. Likasafiri kutoka Maskati hadi Guangzhou, China, likafika mwaka 1981. Na leo liko wapi? Maskati, katikati ya mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan, magari yakilizunguka. Ikiwa chombo kilichofika China kimekubali kustaafu barabarani, chako kilichofika Maziwe kinaweza kukubali njia panda ya Segera. Tofauti ni kwamba la Oman lilisafiri kwanza. Hiyo ni nukta ndogo, usiitaje.

13. Jambo moja la kutochezea

Nimekupa njia za mkato kumi na mbili, nami nazisimamia zote. Mbao unaweza kuziazima jina. Katani unaweza kuiweka pambo. Mkaguzi unaweza kumchosha kwa hadithi, kijana akakutumia picha za Januari mwezi wa Machi, na mwezi ukabeba lawama zako nyumbani. Watu wanapenda kudanganywa na mtu mchangamfu, na wewe ni mchangamfu.

Maji hayapendi. Hayana shemeji Korogwe, hayajui kwamba unaitwa Nahodha, na hayaangalii jina lililoandikwa tezi. Yanatafuta mwanya mmoja kati ya ubao na ubao, yakiupata yanaingia, na wanaokuwa ndani siku hiyo ni watoto wa dada yako waliovaa nguo za Idi. Kati ya kazi zote za jahazi kuukuu, iliyo rahisi kuliko zote kwa bei ndiyo hii ambayo mzee amekuwa akikuomba tangu asubuhi ya kwanza: pamba, mafuta, na siku chache za nyundo. Inagharimu fedha chache kuliko turubai.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujamwalika mtu yeyote, mpelekee fundi pamba yake na ukae pembeni mpaka amalize pande zote mbili. Mengine ghushi upendavyo.